Reli za milima ya Andes: wote tunasifu kupanda hadi mita 4,800, mimi nataka tuongelee kushuka

FundiBreki_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Kila zinapotajwa reli za Andes, picha huwa ileile: treni imekaa juu ya daraja jembamba, bonde halionekani mwisho, na chini yake maoni mia ya "imefikaje huko?" Mimi kazi yangu ni breki za treni, tangu nikiwa kijana wa kubeba spana karakana, na picha hizo zikinipitia najiuliza inashukaje.

Nianze na njia yenyewe ili twende pamoja. Nazungumzia zaidi Reli ya Kati ya Peru, inayotoka bandari ya Callao, inapita Lima, inafuata bonde la mto Rímac kupanda mlima, inavuka kilele kwenye handaki la Galera na kuteremkia La Oroya, kisha Huancayo. Ujenzi ulianza Januari 1870. Mkandarasi alikuwa Mmarekani Henry Meiggs, na kichwa cha kihandisi kilikuwa Ernest Malinowski, Mpolandi aliyekimbia nchi yake baada ya uasi wa 1830 na 1831 dhidi ya Urusi, akasomea Ufaransa, akafika Peru mwaka 1852. Reli ilifika La Oroya mwaka 1893 na Huancayo mwaka 1908. Meiggs alikuwa ameshafariki tangu 1877.

Kituo cha Galera kiko mita 4,781 juu ya usawa wa bahari. Kutoka baharini hadi hapo ni kilometa kama 172 tu za reli. Upana wa reli ni ule wa milimita 1,435, sawa na wa SGR zetu, na hakuna reli ya meno mahali popote (ile ya ziada yenye meno, ambayo gurudumu la meno la injini linaing'ata). Ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma mwanzo hadi mwisho. Penye mwinuko mkali kabisa unapata zaidi ya mita 4 kwa kila mita 100. Waliowahi kuendesha au kutengeneza treni wanajua hiyo namba inamaanisha nini. Wengine nitawafafanulia.

Bonde la Rímac kuna sehemu ni jembamba kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuzungusha reli. Basi Malinowski akatumia zigizaga: treni inapanda hadi mwisho wa kipande cha reli kilichokufa, inasimama, swichi inageuzwa, inasukumwa kinyumenyume kupanda kipande cha pili, inasimama tena, swichi, halafu inaendelea mbele kipande cha tatu. Mlima uleule, treni imesogea mbele kidogo sana ila imeinuka makumi ya mita. Ongezea mahandaki zaidi ya 60 na madaraja yanayokaribia idadi hiyo.

Nitarudi kwenye kushuka. Kwanza nawasikiliza.

---

Mpagazi wa Marangu

Mkuu, mita 4,781? Kibo Hut ni mita 4,720. Yaani hawa watu wana stesheni ya treni juu ya Kibo Hut!

Sisi wageni tunawapandisha siku tatu hadi wanafika Kibo, "pole pole" kila hatua, na bado kuna wanaotapika, kuna wanaoumwa kichwa hadi wanalia, kuna tunaowashusha usiku kwa machela. Sasa mtu anayepanda treni Lima asubuhi, usawa wa bahari, mchana yuko juu ya Kibo. Mwili hauna muda hata wa kushtuka. Hao abiria wanabaki salama vipi? Na dereva je?

---

FundiBreki_Moro

Mpagazi, umeuliza swali la mtu anayeujua mlima. Ugonjwa huo wa mwinuko wenyeji wanauita soroche. Kwenye treni za abiria za njia hiyo kulikuwa na wahudumu waliopita na oksijeni, mtu akizidiwa alivutishwa kidogo. Na chai ya majani ya koka ni kawaida huko. Kilichowaokoa abiria ni kwamba treni haikai juu. Inavuka Galera na kuanza kuteremka, La Oroya iko mita 3,726 na Huancayo karibu mita 3,260. Madhara makubwa ya mwinuko huja mtu akilala huko juu bila kuzoea, na hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Wafanyakazi wa reli wengi ni wenyeji wa milimani, miili yao imezoea tangu utotoni. Ila mashine hazizoei, na hapo ndipo mimi naingia.

Kwenye mita 4,800 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 55 ya ule wa pwani. Anza na breki. Kuna breki za vakyumu, ambazo ziliwahi kutumika sehemu nyingi za dunia. Zenyewe hufanya kazi kwa kunyonya hewa upande mmoja wa pistoni ili hewa ya nje isukume upande wa pili. Kinachobana breki ni uzito wa hewa ya dunia. Pwani hewa hiyo inasukuma kwa milimita 760 za zebaki. Ticlio, kule kileleni karibu na Galera, inasukuma kwa milimita kama 416. Hata ukinyonya hewa yote isibaki chembe, huwezi kupata zaidi ya hizo 416. Yaani mahali unapoihitaji breki kuliko popote, ndipo breki inapokuwa dhaifu kuliko popote. Ndiyo maana kwenye milima ile unataka breki za upepo, zinazotumia hewa uliyoibana mwenyewe kwa kompresa na kuihifadhi kwenye tangi.

Lakini breki za upepo nazo zina lao. Kompresa inavuta hewa ya pale ilipo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila pistoni inapokwenda na kurudi inaingiza hewa kidogo. Kazi ya kujaza matangi ambayo pwani ingekuchukua dakika 10, huko juu inakaribia dakika 17 kwa kompresa ileile. Dakika hizo 7 sio kitu ukiwa stesheni. Ukiwa kwenye mteremko na matangi yamepungua, ni uhai wa watu.

---

Mhandisi Mtarajiwa

Mzee wangu shikamoo. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa ujenzi. Naomba nielewe jambo moja: kwa nini hawakuweka reli ya meno? Uswisi wanatumia, inapanda mwinuko mkali zaidi, na ukishuka lile gurudumu la meno linakushikilia. Njia ingekuwa fupi na salama kuliko kuchimba zigizaga zote hizo.

---

FundiBreki_Moro

Marahaba kijana. Kuna waliofanya hivyo Andes hiyohiyo.

Reli ya Arica hadi La Paz, iliyojengwa na Chile kutokana na mkataba wake na Bolivia wa 1904 na kufunguliwa 1913, ilikuwa na kipande cha meno chenye mwinuko wa mita 6 kwa mia. Ile iliyovuka kati ya Los Andes ya Chile na Mendoza ya Argentina, waliyoianzisha ndugu wawili Juan na Mateo Clark na kufunguliwa 1910, nayo ilikuwa na vipande vya meno vya mtindo wa Abt na handaki la kilometa 3 hivi chini ya kilele, mita kama 3,200 juu ya bahari.

Tatizo la meno ni mzigo. Kila treni ikifika kwenye meno inapunguza mwendo hadi wa mtu anayetembea haraka. Inahitaji injini maalumu. Treni ndefu lazima ikatwe vipande, maana nguvu yote inapita kwenye meno machache ya gurudumu moja au mawili, na jino likivunjika hakuna cha kuongea. Kwa watalii 60 wanaokwenda kuangalia theluji, sawa kabisa. Peru ilitaka kushusha madini, tani kwa maelfu, kila siku. Malinowski alikubali njia ndefu yenye mateso ya ujenzi ili treni ya kawaida, yenye injini ya kawaida na mabehewa ya kawaida, itoke mgodini hadi melini bila kubadilishwa chochote. Reli ya kuvuka kwenda Mendoza ilikufa, treni ya mwisho ya mizigo ilikuwa mwaka 1984. Ya Peru hadi leo inashusha madini. Meno sio sababu pekee, lakini yamo ndani yake.

Argentina wana mfano mwingine mzuri, ile njia ya Salta ambayo sasa watalii wanaiita Treni ya Mawinguni. Mhandisi wake Richard Maury, Mmarekani, alikataa meno kabisa. Akatumia zigizaga na mizunguko ambapo reli inajizungusha na kupita juu yake yenyewe, mwinuko ukawa mpole kuliko wa Peru. Daraja la La Polvorilla liko kwenye mita 4,200, urefu mita 224, kimo mita 63, na limejengwa kwenye kona. Kazi ilianza 1921, njia ikakamilika 1948. Miaka 27. Ndiyo bei ya upole wa mwinuko.

---

Kiptoo wa Nakuru

Wakubwa, naomba nichangie kwa upande wa mvuke, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa boila enzi za East African Railways na hayo maneno nimekua nayo.

Injini za mvuke za mwisho za ile reli ya Peru, zile walizoziita Andes, zilianza kutengenezwa 1935 na Beyer Peacock wa Manchester. Ndio haohao waliotengeneza injini zetu za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, zilizopanda kutoka Mombasa. Mbili zetu bado ziko makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Kwa hivyo mafundi wa karakana moja walikuwa wakifikiria milima ya Peru na miinuko ya Kenya.

Nataka kueleza kitu kimoja kuhusu zigizaga ambacho watu hawakioni kwenye picha. Boila ya treni ni kama pipa refu lililolala. Nyuma, karibu na dereva, kuna sanduku la moto, na paa la lile sanduku lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka chini ya lile paa, chuma kinakuwa chekundu, kinalegea, na boila inalipuka. Basi. Hakuna onyo la pili.

Sasa treni ikipanda ikiangalia mbele, pua iko juu na mkia chini, maji yanakimbilia nyuma, paa la moto limefunikwa vizuri. Ikifika mwisho wa kipande cha zigizaga na kuanza kusukuma kinyumenyume, bado inapanda, lakini sasa mkia ndio uko juu. Maji yote yanakimbilia mbele. Lile paa la moto linabaki upande wa juu. Kwa mwinuko wa mita 4.4 kwa mia, boila yenye urefu wa mita 6 ina tofauti ya sentimita 26 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Sentimita 26 za maji ni nyingi sana ndani ya boila! Ndiyo sababu zile Andes zilipewa boila fupi na nene. Na mtu wa moto ilibidi ajue kila zigizaga iko wapi, aongeze maji kabla ya kufika, asingoje kioo cha kupimia kimwambie.

Halafu jambo la kushangaza: injini ya mvuke haikuteseka sana na hewa nyepesi kama dizeli. Mvuke unabanwa ndani ya boila, haujali nje kuna nini. Moto ndio unahitaji hewa, na walichoma mafuta mazito, fundi anarekebisha kiasi cha hewa na mafuta.

---

FundiBreki_Moro

Kiptoo, asante sana. Hiyo ya maji kukimbilia mbele sikuwahi kusikia ikielezwa wazi hivyo. Mzee wako alikufundisha.

Na ni kweli kuhusu dizeli. Injini ya dizeli isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila unapopanda mita 100. Kwenye mita 4,700 imebaki nusu mtu. Turbo inasaidia kwa kubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda, lakini nayo kwa sababu hewa ni nyepesi inazunguka kasi kuliko ilivyokusudiwa, kwa hiyo inabidi upunguze mafuta usije ukaivunja. Rejeta inapoozwa na hewa, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Maji nayo, kwenye chombo kisichofunikwa, yanachemka kwenye nyuzi 84 badala ya 100. Mota za umeme zinazozungusha magurudumu nazo zinapoozwa na hewa hiyohiyo. Ukisoma kwenye kibati kwamba injini ina nguvu farasi 3,000, hiyo ni namba ya pwani.

---

Nesi_Mbagala

Samahani mnaongea vyuma, mimi niko upande wa watu. Naomba niweke hapa habari ya daraja la Verrugas, la reli hiyohiyo ya Peru, maana haiwezi kukosekana kwenye uzi huu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, kwenye bonde hilo, wafanyakazi wa reli walianza kuanguka kwa homa kali. Damu inaisha mwilini, mtu anakuwa mweupe, siku chache amekufa. Walikufa kwa maelfu. Ikaitwa homa ya Oroya, kwa sababu ndiko reli ilikokuwa inaelekea. Upande wa pili kulikuwa na ugonjwa wa zamani wa bonde hilo, vinundu vyekundu vinaota kwenye ngozi na kutoka damu, ukiitwa verruga. Madaktari walibishana miaka mingi kama ni ugonjwa mmoja au miwili.

Mwaka 1885 mwanafunzi wa udaktari wa Lima, Daniel Alcides Carrión, alijidunga majimaji kutoka kwenye kinundu cha mgonjwa wa verruga. Wiki tatu baadaye akashikwa na homa ya Oroya. Aliandika dalili zake mwenyewe hadi aliposhindwa, wenzake wakaendelea kuandika. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1885. Hapo ikajulikana kuwa ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Baadaye ikagunduliwa unaletwa na bakteria, Bartonella bacilliformis, na anayesambaza ni usubi, wadudu wadogo wanaouma usiku, wanaoishi kwenye mabonde ya mwinuko wa kati. Chini kabisa hawapo, juu kabisa hawapo. Reli ilipita katikati ya makazi yao na wafanyakazi wakalala kwenye mahema.

Daraja la bonde lile sasa linaitwa daraja la Carrión. Kila nikilisoma jina hilo nasimama. Mnapohesabu mahandaki, hesabuni na makaburi.

---

FundiBreki_Moro

Nesi, umefanya vizuri kuliweka. Kwa upande wa vyuma, daraja la kwanza la Verrugas lilikuwa na urefu wa mita 175 na kimo cha mita 77, vyuma vyake vilitoka Marekani. Mwaka 1889 mafuriko yenye matope na mawe yalikuja kwenye korongo na kuing'oa nguzo ya katikati, daraja likaanguka. Lililofuata lilijengwa kwa namna ya kupunguza nguzo chini ya korongo. Mhandisi alikuwa amejifunza kwamba pale adui anakuja kwa chini.

---

Mwanahistoria_Tabora

Naomba niweke upande wa fedha na jasho, kwa sababu majina ya Meiggs na Malinowski yametajwa mara nyingi na ya wengine hayajatajwa kabisa.

Reli hiyo ilijengwa kwa mikopo ya Ulaya, na dhamana ya mikopo ilikuwa samadi ya ndege wa baharini iliyochotwa kwenye visiwa vya Peru na kuuzwa kama mbolea. Samadi ikapungua, bei ikayumba, mwaka 1876 Peru ikashindwa kulipa madeni yake. Kazi ikasimama. Reli ilifika Chicla, kituo kabla ya Galera, mwaka 1878, na mwaka uliofuata vita na Chile vikaanza. Baada ya vita, mwaka 1890, wadai wa Uingereza walianzisha kampuni iliyoitwa Peruvian Corporation, wakapewa reli za nchi kwa miaka 66 ili deni lifutwe. Ndio waliomalizia handaki la Galera na kufika La Oroya. Serikali ilizichukua tena mwaka 1972, halafu ikazikodisha kwa kampuni binafsi mwaka 1999.

Waliobeba mawe walikuwa Waperu wa milimani, Wachile, na Wachina. Kati ya 1849 na 1874 Peru iliingiza Wachina wanaokaribia laki moja kwa mikataba iliyokuwa karibu na utumwa, wengi mashambani na kwenye samadi, na maelfu kadhaa wakapelekwa kwenye reli. Sanamu ya Malinowski ipo Ticlio tangu 1999, na anastahili. Ningependa siku moja niione na ya mchimba handaki aliyetoka Canton, China.

---

Mhandisi Mtarajiwa

Nimejifunza mengi kuliko semesta nzima. Lakini mzee wangu, uliahidi kushuka. Na mimi nina pingamizi kidogo: siku hizi injini zina breki za umeme. Mota zinageuzwa kuwa jenereta, zinazuia magurudumu, umeme unachomwa kwenye vikinza (vifaa vinavyougeuza kuwa joto) juu ya paa. Viatu vya breki havichakai. Si tatizo limekwisha hapo?

---

FundiBreki_Moro

Vizuri, sasa tufike.

Chukua treni ya madini ya tani 1,000. Iko Galera, inatakiwa kushuka hadi Callao. Inashuka karibu mita 4,780 kwenda chini. Nguvu iliyomo kwenye kushuka huko, ukipiga hesabu, ni takriban jigajuli 47. Ni sawa na joto la kuchoma lita 1,300 za dizeli. Joto hilo lote lazima litoke kwenye treni, liende hewani, kupitia viatu vya breki, magurudumu na vikinza vya umeme. Hakuna njia nyingine. Huwezi kulificha. Na hewa inayotakiwa kulibeba, kwa nusu ya juu ya safari, ni ile nyepesi tuliyoisema.

Sasa angalia upande wa pili. Kwenye mteremko wa 4.4 kwa mia, treni ya tani 1,000 inavutwa kwenda chini kwa nguvu ya tani 44. Msuguano wa magurudumu kwenye reli ni tani 2 au 3 tu, kwa sababu sifa ya reli ni kuteleza kirahisi. Breki zikiachia kabisa, treni inaongeza mwendo karibu mita 0.4 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya dakika moja iko zaidi ya kilometa 80 kwa saa. Kona za njia ile nyingi zina nusu kipenyo cha mita mia na kitu. Haipiti. Na mbele yake kuna zigizaga, ambayo mwisho wake ni ukuta wa mlima au hewa tupu.

Ndiyo maana nasema kupanda ukishindwa, unasimama. Magurudumu yanaserereka, unamwaga mchanga, unaita injini ya pili, unachelewa. Kushuka ukishindwa hupewi nafasi ya kujaribu tena.

Breki ya umeme ni msaada mkubwa sana, sipingi. Nashukuru ilivumbuliwa. Lakini ina mambo matatu. Vikinza vinapoozwa na feni, hewa nyepesi, kwa hiyo havimudu joto kama vinavyolimudu pwani. Treni ikipunguza mwendo sana, nguvu yake inafifia, wakati kwenye zigizaga lazima usimame kabisa, kila mara. Na inazuia kwenye injini peke yake. Injini ikipata hitilafu ya umeme, mabehewa yote nyuma yako yanakutegemea kwa breki za upepo, ambazo lazima ziwe zimejaa sekunde hiyohiyo.

Hapo unarudi kwenye kompresa. Breki ya upepo ya kawaida ukishaifunga na kuiachia, inahitaji muda kujaa tena. Ukiifunga, ukaiachia, ukaifunga, ukaiachia, kwa haraka, kila safari tangi linabaki na kidogo zaidi ya kidogo. Sisi tunaita kukojoza upepo. Dereva mgeni anahisi breki zinashika vizuri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya nne mkono unakwenda na treni haisikii. Kwenye miteremko ya namna hii kuna vali ndogo kwenye kila behewa, ya kubakiza upepo kwenye silinda ya breki hata dereva akiachia, ili breki zibaki zimeshika kidogo wakati tangi linajaa. Zinafungwa kwa mkono. Mtu anatembea pembeni ya treni nzima kabla ya kuanza kushuka, behewa moja moja, mita 4,700 juu, kwenye baridi, anageuza vali. Halafu njiani treni inasimamishwa magurudumu yapoe. Ukiwa karibu unasikia harufu ya chuma kilichoungua na viatu vya breki vinatoa moshi wa bluu, na ukimwaga tone la maji kwenye gurudumu linaruka likichemka. Hiyo harufu naijua hata kwenye miteremko midogo ya kwetu.

Nilishawahi kuletewa treni ambayo vali hizo zilikuwa zimeng'olewa na matundu kuzibwa kwa mbao, kwa sababu mtu aliona zinachelewesha kazi. Nilikataa kusaini. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kazini la siku moja. Kule Peru ni la kila treni, kila siku, kwa zaidi ya miaka 130.

---

Mpagazi wa Marangu

Mkuu hata mlimani ni hivyohivyo, magoti yanaumia wakati wa kushuka na ajali nyingi ni kushuka. Nimekuelewa vizuri sana.

Swali jingine: mvua je? Na baridi ya usiku?

---

Kiptoo wa Nakuru

Nijibu baridi. Huko juu jua la mchana ni kali na usiku maji yanaganda. Reli ya chuma inaweza kupata tofauti ya nyuzi 40 kati ya mchana na usiku. Kilometa moja ya reli kwa tofauti hiyo inataka kurefuka na kufupika karibu nusu mita. Ukiacha mianya michache inajikunja mchana, ukiacha mingi boliti zinakatika usiku. Na kwenye kona kali reli inasukuma mataruma kando. Gengi za reli wanashinda huko na nyundo mwaka mzima.

---

FundiBreki_Moro

Na mvua ni mbaya kuliko baridi. Bonde la Rímac ni kavu, milima haina miti, mvua kubwa ikinyesha juu udongo na mawe vinashuka kwa pamoja kwenye makorongo. Wenyeji wanaita huaico. Miaka ya El Niño ndiyo mibaya, mwaka 1983 na mwaka 2017 bonde hilo liliumia sana, reli na barabara vyote. Reli haiwezi kukwepa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupita. Mto, barabara na reli vimebanana kwenye korongo moja.

---

Mwanahistoria_Tabora

Bado ndiyo reli ya juu kuliko zote duniani?

---

FundiBreki_Moro

Hapana. China walifungua reli ya Qinghai hadi Tibet mwaka 2006, inavuka Tanggula kwenye mita 5,072. Kabla ya hapo rekodi ilikuwa Andes, kwenye tawi la Ticlio kwenda Morococha, mahali panapoitwa La Cima, zaidi ya mita 4,800. Bolivia nao wana El Cóndor, mita 4,786, kwenye njia ya Potosí.

Reli ya Tibet nina heshima nayo, kule kazi kubwa ilikuwa udongo ulioganda. Lakini inaanzia kwenye uwanda wa juu tayari, miinuko yake ni mipole. Peru inaanza kwenye maji ya chumvi.

---

Mhandisi Mtarajiwa

La mwisho mzee wangu. Kama njia ina mzigo mwingi hivyo, kwa nini wasiunge treni ndefu zaidi ili kupunguza safari?

---

FundiBreki_Moro

Kwa sababu ya zile zigizaga. Treni nzima, injini na mabehewa yote, lazima iingie kwenye kipande cha mwisho na mkia wake upite swichi, la sivyo swichi haigeuki. Kile kipande kimechongwa kwenye mwamba kwa urefu uliopimwa miaka ya 1870. Ukitaka behewa moja zaidi, unachonga mlima, na si zigizaga moja, ni zote. Kwa hiyo urefu wa kila treni inayopita leo ulipangwa na Malinowski. Anzia hapo kwenye hesabu zako: pima mkia wa zigizaga fupi kuliko zote, toa urefu wa injini mbili, kinachobaki gawa kwa urefu wa behewa. Ukishapata idadi ya mabehewa, zidisha kwa tani, ndipo uje kwenye breki.